Shetani wa Jicho Moja

Jumatatu, 15 Desemba
Mama kaenda sokoni Ambato kuuza viazi, kaniachia kazi ya kijinga: kumziba mdogo wangu Nayeli jicho kwa plasta. Ana miaka sita. Jicho lake la kushoto ni vivu. Daktari kasema lizibwe la kulia, lile zima, ili hilo goigoi lilazimike kufanya kazi. Tukichelewa, litalala moja kwa moja. Nimembandika. Kalia, kabamiza mlango, kaibandua, kambandika mbwa. Nikamhonga paja la simbilisi wa kuchoma. Kala, kisha kaibandua tena. Tapeli!

Alhamisi, 18 Desemba
Binamu Byron kaja na ujuaji wake: Nayeli avae plasta, aokote punje za mahindi sahanini. Kaokota chache, machozi yakimtiririka. Mama kamsifu Byron mbele yangu, eti mwenzako ana subira. Subira! Hata punda anayo.

Jumamosi, 20 Desemba
Akili imenijia kama radi. Mwaka mpya, hapa Píllaro kila mtu huvaa barakoa ya shetani na kucheza ngoma barabarani siku sita, na Nayeli anatamani kucheza kuliko kula. Basi namtengenezea barakoa ya shetani yenye tundu moja tu la jicho! Nimefinyanga uso wa udongo, nikaketi nao ana kwa ana, nikaubandika karatasi kwa gundi ya unga, juu pembe za mbuzi. Tundu la upande wa mkono wangu wa kulia nimeliziba kabisa. Shule niliiacha, kipaji hakikuniacha.

Jumatano, 24 Desemba
Ushindi! Nayeli haivui kutwa. Anaruka mitaro, kaona pini chini ya meza. Halii! Byron kasema hapa kuna jambo, mtoto mwenye jicho vivu haoni pini. Nikamwambia huo ni wivu, bwana mahindi, kaokote punje zako.

Alhamisi, 1 Januari
Mvua, lakini tumecheza. Nayeli mbele, anachapa mjeledi hewani. Wakiuliza fundi nani, najibu kabla hawajamaliza. Mama katokwa na machozi, kasema huenda binti yake naye atasoma kama wenzake. Nikajiona mtakatifu mwenye pembe.

Jumatatu, 5 Januari
Kwa daktari. Nayeli kazibwa jicho zima, kaulizwa ukutani kuna nini. Kasema kuna weupe. Herufi zote zilikuwa pale. Kavaa barakoa aonyeshe alivyojitahidi. Daktari kauliza imetengenezwa na nani. Nikainua mkono, nikanyoosha kola. Kaniambia polepole: kijana, umeliziba lile bovu. Uso ukikutazama, kulia kwako ni kushoto kwake. Siku zote hizo jicho vivu limelala gizani. Nayeli kauliza kama amefaulu. Mama kamvua barakoa. Njiani Mama hakunitukana. Heri angenitukana.

Jumanne, 6 Januari
Siku ya mwisho ya mashetani. Sikwenda. Mama kamwita Byron na mahindi yake. Kwa kosa dogo la upande tu! Nimetengeneza barakoa nyingine kwa siri. Safari hii nimeziba tundu la mkono wa kushoto, na kwa uhakika zaidi nimefanya kazi nikiwa nyuma yake, kama mvaaji mwenyewe. Tahadhari mara mbili! Nayeli kaijaribu. Kasema, kaka Klever, mbona giza liko upande uleule? Nimemwambia anyamaze, fundi ni mimi.