Mhusika wa Mtandao Kukwama

Wananchi walitangaziwa kwamba tatizo la mtandao kukwama majumbani limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Limepatiwa mhusika, naye ni mwananchi mwenyewe.

Tangazo lilitolewa na Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kasi ya Mtandao Majumbani, mtu ambaye hata akiomba chumvi mezani huonekana anazindua kitu. Alieleza kwamba kampuni zinazouza mtandao zimekwisha kuchunguzwa. Zilijichunguza zenyewe, zikajikuta safi, zikaiandikia Mamlaka pongezi.

"Mitambo ni mizima," alisema. "Kilichobaki ni mtu. Katika kila nyumba ambayo mtandao unasuasua, yuko mmoja anayeuchosha. Atakayekutwa na kifaa mkononi mtandao ukikwama, ndiye. Tutamtenganisha na kifaa, na kasi itarejea yenyewe."

Mwandishi wa habari akauliza kama haiwezekani kwamba laini moja imeuzwa kwa watu wengi kupita uwezo wake. Mkurugenzi alimtazama kwa huruma.

"Hilo ni suala la kiufundi. Sisi tunashughulikia utatuzi."

Nyumba ya mfano ilipatikana upesi, kwa kuwa wenyewe walikuwa wamelalamika. Palikaa fundi cherehani, mkewe, na mama mzazi wa fundi, mkunga mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Binti mdogo wa Bibi alikuwa nchi ya mbali, ana mimba ya kwanza, mumewe yuko safarini kikazi. Kila jioni alimpigia mama yake simu ya video amwonyeshe miguu iliyovimba, na kila jioni picha iliganda.

Mkurugenzi alifika pamoja na Afisa Uwajibikaji, msichana mnyoofu ambaye Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Bibi, simu hii ni yako?" aliuliza Afisa.

"Yangu, mjukuu wangu."

"Na hukwama ukiwa umeishika?"

"Ndiyo. Ndiyo maana tukawaita."

"Amekiri," alisema Mkurugenzi.

Fundi aliweka kitambaa chini. "Mkurugenzi, jioni mtaa mzima unakwama. Hata nyumba zisizo na bibi."

"Hapo ndipo unapoona ukubwa wa tatizo la wahusika."

Simu ilichukuliwa. Bibi hakugombana. Alisema tu, "Mwanangu, binti yangu atajifungua wakati wowote, na kule hana mtu."

"Mama, taifa nalo linasubiri," alijibu Mkurugenzi, na maneno hayo yalimgusa mwenyewe.

Baada ya siku chache alirudi sebuleni humo na Afisa kumthibitishia Waziri, moja kwa moja kwa video, kwamba mhusika akiondolewa, mtandao hukimbia. Familia iliketishwa mikono magotini, simu zao zote ndani ya beseni. Upande wa pili, ukumbi ulijaa waandishi mbele ya skrini kubwa.

"Tuambie, Mkurugenzi," alisema Waziri, "mhusika ni nani?"

"Ni mimi niliyempata mhusika," alisema Mkurugenzi. "Ni bibi huyu. Siku zote amekuwa akiuchosha mtandao wa taifa, nami sitapumzika mpaka wote wenye tabia hii wawajibishwe."

Alimaliza, akasubiri. Waziri kwenye kioo alikuwa ameganda, jicho moja limefumba. Kisha sauti ikarudi, na nyuma yake makofi.

"Umenishangaza," Waziri alikuwa akisema. "Hapa tumesikia vipande vipande, lakini vimetosha. 'Ni mimi mhusika.' Kwamba umeuchosha mtandao wa taifa, na hutapumzika mpaka uwajibishwe. Miaka yote hii sijaona kiongozi akikiri bila kubanwa."

"Waziri, samahani, mtandao ume..."

"Usijitetee, utajiharibia. Afisa, mtenganishe na kifaa."

Afisa akanyoosha mkono.

"Wewe ulikuwepo," Mkurugenzi alinong'ona. "Umesikia nilichosema."

"Nimesikia. Lakini mtandao umekwama kifaa ukiwa umekishika wewe."

Aliketishwa pembeni kwenye kigoda, magoti yakikaribia kidevu. Bibi akarudishiwa simu yake, maana sasa hakuwa na kosa. Alipiga papo hapo. Binti akatokea, nywele zimetimka, macho mekundu kwa kukosa usingizi, kifuani kitu kidogo kimefungwa shuka.

"Mama, nilikupigia mpaka nikachoka. Nimejifungua peke yangu na manesi. Tazama..."

Mtoto akafungua mdomo kulia. Picha ikaganda.

Watu wote sebuleni wakageuka kumtazama Mkurugenzi.

"Sijagusa kitu," alisema.

"Mtoeni nje," alisema Bibi bila kuinua macho. "Tuone."

Wakamtoa. Hakupinga; kulikuwa na kitu ndani yake kilichotaka kuona pia. Alisimama barazani, suti imekunjamana, mlango ukafungwa nyuma yake. Mara akasikia kilio cha mtoto, safi, bila kukatika, na Bibi akicheka huku analia.

Mlango ukafunguka kidogo. Afisa akasukuma kiti cha plastiki nje.

"Kaa hapo hapo, Mkurugenzi," alisema. "Wanaongea."