Wale Waheshimiwa wa Bonde la Pili

Jumatatu, 3 Juni
Kiwanda chetu na kile cha bonde la pili, vyote vya miso, soya iliyochachushwa ya kupikia supu, sasa ni kampuni moja. Ijumaa Mkurugenzi Tokunaga atateua mkuu wa mauzo: mimi, au Bi. Hirasawa wa bonde la pili. Watu wa huko tumewaita aitsura miaka yote, yaani wale washenzi. Walitupora wateja! Leo neno limepigwa marufuku. Ati sote ni nyumba moja. Sawa. Kwa adabu hakuna atakayenishinda.

Jumanne, 4 Juni
Mpango umeanza. Sasa ni “wale waheshimiwa”. Wale waheshimiwa wamechelewa kikaoni. Wale waheshimiwa wamemaliza chai. Mkurugenzi alinitazama muda mrefu. Kuridhika, nadhani. Bi. Hirasawa akaniuliza kama nina homa. Wivu.

Jumatano, 5 Juni
Bi. Hirasawa hasemi “wale”. Anamtaja kila mtu wetu kwa jina, hadi mfagizi. Bila shaka anatupeleleza. Nimemwonya Ogata, rafiki yangu wa mauzo. Kanijibu kwamba mama wa watu amemuulizia mgongo wake unaouma tu. Msaliti.

Alhamisi, 6 Juni
Alikuja mzee Minobe, mwenye maduka ya tambi; tulimpokea mimi, Bi. Hirasawa na Mkurugenzi. Mbele ya mgeni, adabu yetu ni mtu kuwashusha watu wa nyumba yake, si kuwatukuza. Hata Mkurugenzi tunamtaja Tokunaga tu, bila cheo. Najua hayo tangu utoto. Lakini ulimi ulishazoea. Aliposifu miso mpya, niliinama nikasema wameipika wale waheshimiwa wa bonde la pili.

Mzee akaweka kikombe chini. “Kumbe nao ni wageni hapa, kama mimi?”

Akasema alidhani anaagiza kwa kampuni moja.

Bi. Hirasawa akainama zaidi kuliko mimi. “Ni sisi, mzee. Kazi yetu duni. Huyu mwenzangu anaona haya kujisifu.”

Mzee akacheka. Akaagiza. Mkurugenzi hakucheka.

Ijumaa, 7 Juni
Mkuu wa mauzo ni yeye. Mimi nimetolewa hapa makao makuu na kuhamishiwa ghala la bonde la pili, leo leo. Mchana Ogata kapiga simu: “Kuramochi, nyinyi huko mnakula nini?” Nyinyi!

Kosa nimelijua: nilikuwa mpole kupita kiasi. Nimewaambia wenzangu wapya wa ghalani wazi kabisa: sisi wa bonde la pili tumewavumilia watu wa makao makuu kwa muda mrefu mno.