Samaki wa Stika ya Njano

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemdanganya mtoto wangu. Si uongo mkubwa. Ivyne alipiga simu ya video jana baada ya kanisa, kutoka Doha, akiwa bado amevaa sare ya hoteli. Akauliza habari za mama yake. Nikamwambia yuko kijijini Kimilili, akitunza mahindi. Akauliza habari za paka. Nikamwonyesha Bi Harusi, mweupe, mnono, amelala juu ya redio. Na Deputi? Nikasema Deputi amelala.

Deputi hayuko. Hajaonekana majuma mawili sasa. Ni paka wa kijivu mwenye mistari. Tulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa akizunguka korido akichungulia kila chumba kama naibu wa mwalimu mkuu. Ivyne alimlea kwa chupa tangu akiwa hajafungua macho. Siku ya kwenda uwanja wa ndege alinikumbatia, akaniambia nimtunzie Deputi. Hakuniomba kitu kingine.

Amesema Jumapili ijayo Deputi aamshwe. Kwa hivyo nina mpaka Jumapili.

Mpango ni samaki. Deputi anaweza kupuuza jina lake, lakini hajawahi kumpuuza samaki. Wa kuchemshwa, bila chumvi wala kitunguu, miiba itolewe yote. Ndivyo Ivyne alivyokuwa akiwapikia paka sikukuu. Harufu ipande mpaka ifunike mtaa wetu wote wa Woodley, naye Deputi ataifuata popote alipo. Samaki wa bei kamili ni wa watu. Nitatafuta wa stika ya njano.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetoka kazini moja kwa moja hadi supamaketi ya Ngong Road. Ogutu, anayeuza samaki pale, amenieleza utaratibu. Stika ya njano hubandikwa jioni, bei ikashuka, kwa samaki ambao lazima waondoke siku hiyo. Wako sawa kabisa, amesema, ila hawana muda. Nikamwambia hata sisi tuko hivyo.

Nilisimama karibu na friji nikijifanya kusoma maandishi ya maziwa lala. Ogutu akabandika stika kwenye pakiti moja ya vichwa vya mbuta. Nikanyoosha mkono. Mkono mwingine ukafika kwanza.

Ulikuwa wa Mama Debra. Jina lake ni Muthoni, mwalimu mstaafu, jirani yangu. Tunatenganishwa na ua wa miiba wa kei apple tu. Alinisalimia vizuri sana, akauliza habari za kazi, akamwulizia Mama Ivyne, na muda huo wote pakiti ilikuwa ikizama ndani ya kikapu chake.

Nimemjua tangu Ivyne akiwa darasa la kwanza. Mama Debra hali samaki. Katika harusi ya Debra alihamisha kiti kwa sababu ya sahani ya tilapia. Sasa leo anataka vichwa. Nimelitafakari jambo hili na sijaona maelezo mengine ila roho mbaya.

Jumatano, 6 Agosti

Mimi ni karani wa mawakili pale mjini. Kazi yangu ni faili, na faili zimenifundisha kwamba kitu kikiwekwa mahali pasipo pake, hakuna atakayekipata ila aliyekiweka. Basi leo niliomba ruhusa mapema, nikasema jicho linaniwasha. Nikafika supamaketi wakati hakuna watu, nikachukua pakiti ya vichwa, nikaizika kwenye friza chini ya mifuko ya minji, zile njegere za kugandishwa. Nilikusudia kurudi jioni, niifukue, nimpelekee Ogutu aibandike stika.

Nilirudi jioni. Ogutu alikuwa kando ya friza ameshika pakiti yangu. Ilikuwa ngumu kama tofali. Alikuwa akiuliza wateja ni nani amegandisha samaki wake. Mama Debra, ambaye siku hizi haondoki pale, akasema kwa upole kwamba alimwona Baba Ivyne mchana akiinamia minji.

"Mzee, hii ni yako?" Ogutu akaniuliza.

Nikasema ni yangu. Kumbe samaki akishaganda hapewi stika. Nimelipa bei kamili na watu wakitazama.

Nimemchemsha hata hivyo. Nikaweka sufuria dirishani, nikasubiri. Paka wa Woodley walikuja. Walikaa chini ya dirisha kama watu wa mkutano wa mazishi. Mmoja hana mkia. Mmoja sina hakika kama alikuwa paka. Deputi hakuja. Bi Harusi alikula fungu lake, akala la Deputi, akalala na mdomo ndani ya sahani.

Ijumaa, 8 Agosti

Wakili Ndegwa, mkubwa wangu, alifungua madirisha yote ya ofisi leo asubuhi, na baridi hii ya Agosti. Akaniuliza kama kuna faili iliyooza. Nikasema nitachunguza. Ni koti langu.

Jioni nilikuwa wa kwanza kwenye friji. Stika ilipobandikwa tu, nikashika pakiti. Mama Debra akashika upande wa pili. Tukasimama hivyo, watu wazima wawili, wazee wa kanisa, Ogutu akitutazama na bunduki yake ya stika mkononi. Nikamkumbusha Mama Debra kwamba yeye hali samaki. Akasema hajawahi kuniona mimi nikila vichwa. Nikasema nina mgeni. Akasema hata yeye ana mgeni. Kisha akaachilia.

"Chukua, Baba Ivyne," akasema. "Naona unahitaji kuliko mimi."

Nimeshinda. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Samaki alipoiva nikabadilisha mbinu. Badala ya kungoja paka aje kwa sufuria, nikapeleka sufuria kwa paka. Nikazunguka mtaa kabla jua halijazama, nikigonga kifuniko na kijiko, nikiita Deputi. Waliokuwa wakirudi kutoka kazini walinipisha njia. Nilipofika kwa Mama Debra, sauti ikaitikia kutoka barazani. Ninaijua sauti hiyo. Nikasogea kwenye ua, nikachungulia.

Deputi yuko juu ya mto wa maua. Amenenepa. Shingoni ana utepe wa bluu. Mbele yake kuna sahani ya kaure, ile ambayo Mama Debra huwatolea wachungaji, na ndani yake mabaki ya samaki. Mgeni wake ndiye mgeni wangu. Wiki nzima tumepigania samaki wa paka mmoja.

Ningeweza kuingia langoni nikasema, Mama Debra, huyo ni paka wetu. Ni maneno machache. Lakini ningelazimika pia kusema kwamba nilimpoteza, na kwamba nimemficha Ivyne ukweli. Nikaamua kurudi nyuma kimyakimya nikafikirie. Miiba ya kei apple ikakamata sweta yangu. Nilivuta, ikakataa. Nimeiacha huko.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama Debra ameniletea sweta asubuhi, imefuliwa, imekunjwa, bado ina unyevu kidogo. Amesema ameipata uani. Hakuuliza swali lolote. Mwanamke hatari.

Alipokwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani, nikaanza kazi. Kuna pengo chini ya ua. Nikapanga vipande vya samaki kutoka pengo lile, kupita kamba za nguo, hadi mlango wangu wa jikoni. Nikamfungia Bi Harusi bafuni, maana hana nidhamu. Nikajificha nyuma ya pipa la maji.

Deputi alikuja. Alikula kipande baada ya kipande, bila haraka, kama mtu anayekagua barabara mpya. Akafika kizingitini. Akaingia hatua chache, akatazama korido mpaka mwisho, penye mlango wa chumba cha Ivyne. Mlango umefungwa. Akautazama kwa muda. Kisha akageuka.

Nilimrukia. Nimepaka dawa mikono yote miwili.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Nilikuwa na kazi na Bi Harusi.

Jiko la makaa lina masizi. Nilichukua kidogo kwa kitambaa, nikampaka mgongoni, nikamchorea mistari ubavuni kwa kidole. Alitulia kabisa, akidhani nampapasa. Nilipomaliza nikarudi nyuma nikamtazama. Kwa mtu aliye mbali, na mtandao ukiwa mbaya, angeweza kupita.

Ivyne akapiga. Nikakaa kwenye kona yenye giza, nikamwinua paka kidogo, nikasema huyu hapa Deputi, ameamka.

Ivyne akasogeza uso karibu na simu. Bi Harusi akapiga chafya. Wingu jeusi likapanda likanijaa usoni.

"Baba," Ivyne akasema, "huyo ni Bi Harusi."

Nikasema ni mtandao.

Alicheka mpaka akalazimika kukaa. Nami nikacheka, nikidhani yamepita. Alipotulia akaniambia kwamba Mama Debra amekuwa akimtumia picha za Deputi tangu siku ya kwanza alipohamia kwake. Ni Ivyne mwenyewe aliyemwomba amnunulie samaki, na aliyemwomba asiniambie, mpaka niseme mwenyewe. Jumapili iliyopita alikuwa akijua. Alipouliza Deputi yuko wapi, alikuwa akijua.

Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. Akauliza kwa nini nilifunga chumba chake. Deputi alikuwa akilala kitandani kwake, akasema. Mama Debra alimsikia akilia kwenye ule mlango mchana kutwa, mimi nikiwa kazini, siku baada ya siku, mpaka paka akachoka akaenda kutafuta kitanda kwingine.

Nikasema ni vumbi. Nilifunga ili vumbi lisiingie.

Akaniangalia tu. Ana macho ya mama yake. Basi nikamwambia. Nikipita pale asubuhi nikakiona kile kitanda kimetandikwa vile alivyokiacha, siku inakuwa ndefu sana.

Bi Harusi alikuwa akijilamba masizi. Ivyne akajifuta uso kwa mkono wa sare, akasema hata kule siku ni ndefu, Baba. Akaniambia nikafungue mlango.

Nimefungua. Nimefungua na dirisha pia. Vumbi lilikuwepo kweli.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda kwa Mama Debra baada ya kazi, nimebeba mkate. Nimepita langoni. Akanikaribisha kama aliyekuwa akinisubiri, akamimina chai. Deputi alikuwa kwenye mto wake, akanitazama, akatazama mikono yangu yenye bandeji, akafumba macho.

Nikaomba radhi kwa habari ya ile pakiti. Mama Debra akasema alitaka kuniambia mapema, lakini Ivyne alimwomba asubiri. Baadaye, amesema, hakutaka tena kuniambia, kwa sababu tangu astaafu hajawahi kuwa na wiki tamu kama hii. Amesema siku ya minji alirudi nyumbani akacheka peke yake mpaka akaogopa.

Akaniambia pia kwamba Debra wake amehamia Kitisuru, si mbali, lakini huja Krismasi tu. Kwa hivyo paka alipobisha, alimfungulia. Nikamwambia alifanya vizuri. Nilimaanisha.

Tumepatana. Deputi atalala anapotaka. Samaki watapikwa kwa zamu, wiki hii yeye, wiki ijayo mimi. Hakuna kuficha samaki kwenye minji. Hakuna kupanga samaki njiani. Tukapeana mikono. Nikamwambia mambo haya yamenifunza, kwamba ujanja huharibu mambo ambayo neno moja lingeyatengeneza. Akasema amefurahi kusikia hivyo kutoka kwangu.

Jioni, kabla sijawasha taa, Deputi akaingia kwa mlango wa jikoni. Akapita korido, akachungulia chumba changu, akachungulia bafu, akafika mwisho. Akapanda kitandani kwa Ivyne, akajizungusha, akalala. Nilisimama mlangoni nikampiga picha. Nimeituma Doha. Sikuandika maneno.

Jumanne, 12 Agosti

Siku tulivu. Deputi alikuwa kitandani niliporudi. Nilikaa naye, nikamsomea gazeti. Kisha harufu ya samaki wa Mama Debra ikavuka ua, akanyanyuka, akajinyoosha, akaenda bila hata kuaga. Sikulalamika. Zamu ni zamu.

Nilikuwa nimepitia supamaketi nikielekea nyumbani, kuangalia tu. Ogutu ameniambia kitu ambacho sikukijua, kwamba hata maini ya kuku hubandikwa stika ya njano. Amesema paka akiyaonja maini, samaki humtoka akilini kabisa.

Nimeyapitia makubaliano yetu na Mama Debra neno kwa neno, kama ninavyopitia mikataba ya ofisini kabla ya Wakili Ndegwa kuitia sahihi. Yanataja samaki. Maini hayakutajwa popote.

Yako jikoni sasa yanachemka. Dirisha la upande wa Mama Debra nimelifungua kidogo. Ivyne ameandika kuuliza ninapika nini leo. Nimemjibu ni sukuma wiki.