Habari za Bernadetta wa Kiseke, Aliyeirudisha Mashine ya Bisi Makoroboi

Sogeeni, enyi watu wa Kiseke na nyote wa pande hizi za ziwa hadi Busisi; nanyi mliowahi kutoka nyumbani kununua kiberiti mkarudi na kabati, kaeni mbele, maana habari hii ni yenu zaidi. Nawasimulia vita ya Bernadetta binti Rugemalira, muuguzi wa zahanati, mwenye mkono usiotetemeka mbele ya sindano, aliyeshindwa na mashine ya bisi siku ya Jumanne na kuishinda siku ya Ijumaa.

Jumanne hiyo alishuka mjini Mwanza akiwa na fedha za mabati. Ilikuwa akiba ya miezi saba, yake na ya mumewe Alexander, ya kuezeka upya nyumba ya mama mkwe kule Muleba, ambako mvua zilipoanza mwaka uliopita bibi yule alihamishia kitanda chake jikoni. Bernadetta aliondoka kwa nia njema kabisa. Lakini kabla hajalifikia duka la mabati, pale sokoni Makoroboi, akaiona: nyekundu kama joho la kadinali, yenye magurudumu mawili makubwa na paa la dhahabu, ikirusha bisi ndani ya kioo. Hakuna aliyemvuta mkono. Aliingia kwa miguu yake, akauliza bei ili ajue tu, na robo saa baadaye ngome ile ya chuma ilikuwa imefungwa kamba nyuma ya bajaji, naye ameketi mbele yake kama malkia anayerudi na mateka.

Furaha ile ilidumu hadi Mabatini, mahali ambapo jina lenyewe lilimchoma. Hapo majuto yalimvamia, majeshi yao yakapiga kambi tumboni mwake, na alipofika Kiseke hakuthubutu kuingia kwake na mzigo ule. Akaupeleka kwa jirani yake Adoyo, muuza dagaa, akauficha chumba cha wageni chini ya kitenge.

Siku mbili alipigana na majuto kwa silaha zote alizozijua. Alifua mapazia yasiyo machafu. Alijiambia kwamba ule ni mradi, kwamba atauza bisi na kutajirika, ingawa katika Kiseke yote hakumjua mlaji wa bisi zaidi ya binti yake Annet. Jumatano, ili roho itulie, alimnunulia mumewe sato aliyening'inia pande zote mbili za sahani. Alexander akala, akashukuru, akauliza kuna sikukuu gani, na kila mwiba aliouweka pembeni ulikuwa mkuki ubavuni mwa mkewe.

Alhamisi Adoyo akamwita uani.

"Mama Annet, mimi nakupenda," alisema, "lakini kitu chako kimekaa pale anapolala mgeni, na shemeji yangu Okech anafika kesho kutoka Shirati. Siwezi kumlaza juu ya magurudumu. Kirudishe."

"Hawatakipokea. Wamebandika karatasi ukutani, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi."

"Karatasi imebandikwa na mtu. Kaongee na huyo mtu."

Ndipo Ijumaa asubuhi Bernadetta akajifunga kilemba kama ajifungaye kofia ya vita, akaikodia bajaji mashine ile, akashuka nayo Makoroboi. Mtu wa karatasi aliitwa Shigela, mwenye duka, bingwa wa maneno laini, naye alipoiona mashine mlangoni alinyoosha kidole ukutani.

"Nimeisoma, ndugu Shigela," alisema Bernadetta. "Wala sikuja kukwambia mashine yako ni mbovu. Ni nzima, na ni nzuri. Kosa ni langu. Fedha niliyokupa ni ya paa la mama mkwe wangu, mtu mzima anayelala jikoni mvua ikinyesha. Sina haki ya kudai chochote. Nakuomba tu."

Shigela akaizunguka mashine mara tatu, kama jemadari akaguaye ngome iliyosalimu amri. Akaona mkwaruzo wa kamba.

"Mama, wote wanaorudisha huniambia kitu ni kibovu," akasema. "Wewe ni wa kwanza kuniambia ni kizima. Nitaipokea, lakini nitakata fedha ya huu mkwaruzo."

Akakata ya kutosha mabati mawili. Bernadetta akapokea iliyobaki kwa mikono miwili.

Hapo shetani mdogo akamnong'oneza: mshahara uko karibu, ziba pengo, nyamaza. Alimbeba shetani huyo hadi nyumbani. Alimkuta Alexander barazani akitengeneza pasi, akasimama mbele yake, akayatamka maneno mazito kuliko mawe yote ya Mwanza:

"Baba Annet, nilinunua mashine ya bisi."

Akamweleza yote. Alexander aliweka bisibisi chini.

"Kwa hiyo yule sato..."

"Alikuwa wa majuto."

"Alikuwa mtamu." Kisha akaisogeza pasi kando. "Ila jana mama alinipigia simu, nikamwambia mabati yapo. Akashukuru sana. Nilimwambia kwa sababu nilijua wewe ndiye unayezishika fedha."

Bernadetta, ambaye Shigela hakumtoa chozi, akalia.

"Yatapungua mawili," akasema. "Nitayanunua mwisho wa mwezi."

"Sawa. Kesho twende wote."

Wakaenda. Na njiani, katika kioo cha duka moja, vilikuwapo vikombe kumi na viwili vyeupe vyenye ukingo wa buluu, bei ya zamani imekatwa kwa kalamu nyekundu. Bernadetta akasimama. Alexander akageukia upande wa pili wa barabara, kama mtu anayemwachia askari vita yake. Mkewe akaisoma bei, akairudia, akauweka sawa mkanda wa mkoba begani.

Basi wanaoandika mambo makuu ya mji huu na waache nafasi ya mstari mmoja: kwamba Jumamosi hiyo, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Bernadetta wa Kiseke alivitazama vikombe kumi na viwili, akapita.