Kampuni ya Lori Moja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Baba mkwe alikuja kabla sijanawa uso. Hakukaa. Alisimama uani akalitazama lori kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyepona, kisha akasema nusu yake, maana tulilinunua pamoja, ameshaipatia mteja. Nikamuuliza nusu ipi, ya mbele au ya nyuma. Hakucheka. Mteja ni yule wa chuma chakavu, analikata vipande anauza kwa uzito. Kama hadi Jumamosi lori halijapata kazi ya kudumu, basi. Mke wangu akamkaribisha chai. Yuko upande wa nani?

Kulikata! Ndani ya lori hili nimelala kila nilipogombana na dunia nzima. Gia ya pili inalia, ni kweli, lakini hata mimi nalia.

Mchana habari njema. Kiwanda cha vigae kinatafuta wasafirishaji. Masharti yao: kampuni, si mtu, malori yasiyopungua matano, bima hai, yadi yenye uzio, na watu wawili waliowahi kubebewa mizigo, ambao watapigiwa simu. Wana mkaguzi anayechunguza kila kampuni kabla ya kuikabidhi mzigo, maana mwaka jana kuna mtu aliondoka na vigae vyao na mpaka leo hajafika. Bima ninayo. Lori ninalo. Nimepungukiwa manne tu.

Jumanne, tarehe 4

Akili yangu hunishangaza. Lori moja, picha tano! Ya kwanza kwa mbele. Ya pili kwa nyuma. Ya tatu limefunikwa turubai. Ya nne nimelipaka tope. Ya tano nimemkalisha mke wangu kwenye usukani, kavaa kofia yangu na uso wa mtu aliyeolewa kwa makosa. Namba za gari nilizikinga kwa kidole.

Mkaguzi alipiga simu alasiri. Mwanamke, sauti ya polepole kama anachambua mchele. Akashukuru kwa picha. Akauliza kwa nini kuku yuleyule mweusi amesimama pembeni ya malori yote matano. Nikamwambia ni kuku wa kampuni. Kisha akasema Alhamisi mchana atakuja kuiona yadi mwenyewe, na kuku pia kama atakuwepo.

Sina yadi. Nina ua, kamba ya nguo na kuku.

Jumatano, tarehe 5

Yadi ipo! Ya Kipara, kule barabara kuu. Malori manane, uzio, geti, mlinzi. Mimi na Kipara tulianza pamoja, utingo wawili juu ya lori moja, tukigawana blanketi. Leo yeye ana manane. Na kila akiniona njiani anasimamisha gari, anashuka, anauliza hali ya watoto. Majivuno gani hayo!

Alhamisi mchana humpeleka mama yake kliniki. Nimemwendea mlinzi wake, nikamwambia nina mgeni ninayetaka kumpokea mahali penye heshima. Mlinzi akasema saa hizo yeye huwa amelala, kwa hiyo hataona kitu. Mtu wa maana sana.

Bango nalo tayari: "Upepo na Wanawe, Wasafirishaji." Fundi wa mabango aliuliza wana wako wapi, mbona nina mabinti wawili. Nikamwambia achore tu. Akachora na upepo wenyewe. Unafanana na kabichi.

Wale watu wawili wa kupigiwa simu: wa kwanza ni mimi, kwa laini nyingine na sauti ya puani. Nilijisifu vizuri hadi nikajiamini. Wa pili mke wangu, mfanyabiashara wa jumla. Nilimfundisha maneno tangu asubuhi. Mkaguzi akampigia akiwa anafua. Akauliza kama kampuni imewahi kuchelewesha mzigo. Mke wangu akashusha pumzi, akasema mwanamume yule huchelewa hata kula chakula alichokiomba mwenyewe. Nikampokonya simu, nikasema kwa sauti ya puani kwamba mtandao ni mbovu, nikakata. Baadaye ndipo nikakumbuka sauti ya puani ni ya yule mteja wa kwanza.

Mke wangu amesema amechoka. Nimemwambia hata mimi.

Alhamisi, tarehe 6

Bango juu, mlinzi chini. Mkaguzi alifika kwa wakati, mfupi, kavaa viatu vya kutembelea. Hakuuliza habari za kuku. Nikamtembeza katikati ya malori nikiyapigapiga ubavuni kwa mapenzi. Akaomba moja liwashwe. Nikasema madereva wameenda kula, na funguo wanakula nazo. Akaomba kuona bima za yote. Nikasema ziko ofisini, na ofisi imefungwa. Akauliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha mlango bila kusita hata kidogo. Ilikuwa stoo ya matairi. Akanitazama. Akaandika.

Hapo Kipara akaingia. Foleni ya kliniki ilikuwa fupi! Mama yake ndani ya gari ananipungia mkono, maana alinilisha sana enzi zile. Kipara akalisoma bango. Kabichi akaitazama muda mrefu zaidi. Nilingoja anifukuze mbele ya watu, walau nami nipate sababu ya kupiga kelele. Wapi! Akamkaribisha mkaguzi, akasema mimi ni mwenzake wa tangu zamani, nilikuwa nimemshikia geti tu, na yadi ni yake. Akatoa funguo mfukoni. Akawasha malori moja baada ya jingine, akaleta bima, akamwonyesha breki, akamwonyesha hata choo.

Mkaguzi amempa Kipara kazi ya vigae. Kazi yangu! Yeye wala hakuiomba.

Nimerudi kwa miguu, bango kichwani. Niliona haya njia nzima. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Ijumaa, tarehe 7

Kipara kaja nyumbani. Mke wangu kampa kiti changu. Kasema vigae ni vingi kuliko malori yake, anataka na langu liingie kazini, safari kila wiki. Kazi ya kudumu! Baba mkwe alikuwepo, akasema kama ni hivyo, mambo ya chuma chakavu yaishe. Ila kesho asubuhi Kipara atalikagua kwanza. Mkaguzi amemtaka achunguze kila lori analoongeza, naye hatamdanganya. Anachotaka ni breki nzima. Mengine yanavumilika.

Mke wangu akasema fundi wa breki yuko pale kona, hana mteja, anaweza kuanza sasa hivi. Nikaliwazia jambo hilo. Fundi atafungua magurudumu yote, atanituma spana, atanitia grisi, siku nzima imekwenda. Nani ana nguvu hizo baada ya wiki kama hii? Nimeliosha. Nimepaka matairi rangi nyeusi. Nimeliegesha pale ua unapoinuka, jiwe nyuma ya gurudumu, majani juu ya jiwe. Atakuja atalikuta limetulia tuli kwenye mteremko. Breki ni kitu gani zaidi ya hapo?

Jumamosi, tarehe 8

Kipara ni mtu wa kuinama. Hilo sikulijua. Aliinama, akauliza majani mabichi yanafanya nini chini ya lori, akayasogeza kwa mguu. Jiwe likaenda nayo.

Lori halikukimbia. Liliondoka polepole, kinyumenyume, kwa adabu. Likachukua kamba ya nguo. Likachukua shuka za mke wangu. Likasimama ndani ya jiko. Jiko letu ni la mabati, sasa limelala chini. Hakuna aliyeumia. Baba mkwe alitazama saa yake. Mke wangu akaokota shuka mojamoja huku analia bila sauti. Si mtu wa kulia. Nilitaka kumwambia nisamehe, nikajikuta namweleza habari za mteremko.

Yule wa chuma alifika mchana na mtungi wake wa gesi ya kukatia. Kipara akamwahi. Kalinunua lori zima, nusu ya baba mkwe na nusu yangu. Kasema atalitia breki mpya na halitakatwa. Kisha akaniambia, kando, wasisikie wengine, kwamba nikitaka niwe dereva wake wa lori lilelile. Nilikubali haraka mno.

Limevutwa jioni. Gia ya pili haikulia, kwa kuwa halikuwashwa. Ua umekuwa mpana vibaya.

Jumatatu, tarehe 10

Mambo yananiendea! Kipara hampi dereva funguo mpaka apimwe macho hospitalini. Zamu yangu kesho asubuhi. Nikipita, lori langu naliendesha tena, mzigo wa kwanza keshokutwa. Nisipopita anapewa mtu mwingine.

Sasa, macho yangu ya mbali si ya kutegemea. Kibao cha barabarani nakisoma nikishakipita. Lakini mimi si wa kukamatwa hivihivi. Leo nimekwenda hospitali, nikajifanya nimekuja kumtazama mgonjwa, nikasogea karibu kabisa na ule ubao wa herufi ukutani, nikanakili yote, mstari kwa mstari, kuanzia kubwa hadi zile za kuangamiza watu. Mistari mitatu iko kichwani tayari. Hawatajua kamwe!

Mke wangu, anayepika nje siku hizi, aliuliza kwa nini nisivae miwani tu. Aliuliza taratibu, bila hata kugeuka. Nikamwomba anyamaze kidogo, ndiyo kwanza naanza mstari wa nne.