Vita vya Mikoba Saba ya Shanga

Jongeeni, enyi wenye masikio, na mwenye chungu jikoni akiepue, maana habari hii haitaki msikilizaji wa nusunusu! Nawasimulia vita vya mikoba saba ya shanga aliyoiacha marehemu mama mkwe wangu ndani ya sanduku la bati, kila mmoja umeviringishwa gazeti. Vita ambavyo mimi, mkwe mtu, niliviona kwa macho yangu haya, nimekalia kigoda karibu na mlango, mahali pa watu wasioulizwa kitu.

Upande mmoja alisimama Kaka Mkubwa, Simba wa Vikao, jemadari ambaye tangu azaliwe hajapata kuosha kikombe. Upande wa pili mke wangu, Malkia wa Mapambo, aliyekwisha kupiga picha na mikoba yote saba kabla machozi ya msiba hayajakauka. Na pembeni Kitindamimba, fundi cherehani, ambaye kwa miaka minne alimpeleka mama hospitali kila mwezi, akimshikia ule mkoba mdogo mweusi wenye kadi ya matibabu. Aliutaka huo mmoja tu. Ile sita hata mngeitupa jalalani asingegeuka.

"Ndugu zangu," alinguruma Simba, "urithi haugawanywi vipande! Mikoba yote itakaa kwangu, katika kabati la kioo, nami nitalifunga kwa ufunguo!"

"Kabati lako ndilo lililomuuguza mama?" akajibu Malkia. "Itakaa kwangu. Inaendana na mapazia."

Mapazia! Ewe dunia, uliyasikia hayo na hukupasuka?

Jumapili tatu walipigana hivyo. Chai ilipikwa, ikanywewa, na Simba akaandika kumbukumbu za kikao kwa kalamu nyekundu. Kitindamimba alisema mara moja tu: "Kaka, mimi naomba huo mweusi." Akaambiwa angoje, hilo litajadiliwa kwenye mengineyo.

Jumapili ya nne mashujaa wetu waliushika mkoba mweusi, huyu mpini huu, yule mpini ule, wakavuta. Uzi wa miaka arobaini ukasema basi. Shanga zikakimbilia chini ya makochi, nyuma ya jokofu, na moja ikatumbukia kwenye chai ya Simba, mwenyekiti wetu. Kila mmoja akaikumbuka sheria ya marehemu, ambayo nyumba ile haikuwahi kuivunja: kilichokatika hakitoki sebuleni mpaka kishonwe, na atakayekishona ndiye mwenye mali.

Hapo ndipo majemadari walipotimua mbio! Simba akakumbuka kwamba mgongo unamuuma. Malkia akatazama kucha zake mpya. Nami, nisijifanye mwema, nilitazama viatu vyangu.

Kitindamimba akapiga magoti. Akaziokota punje kwa punje mpaka sinia likajaa, akaitoa na ile ya kwenye chai kwa kijiko bila kuomba ruhusa. Akalamba ncha ya uzi, akaupenyeza katika tundu la sindano mara ya kwanza. Alishona hadi alasiri, analia waziwazi, kama alivyokuwa akimshonea mama mikono ya mama ilipoanza kutetemeka. Kisha akakata uzi kwa meno, akasimama.

"Kaka," akasema, "tumefika kwenye mengineyo."

Andikeni, enyi waandishi wa nyakati: siku hiyo mkoba mdogo mweusi ulivuka kizingiti kwapani mwa mwenyewe, na Simba hakunguruma. Ile sita ingali mezani. Kikao kimeahirishwa.