Jumla ya Zabibu za Mama Ruthu

Jumatatu, 9 Machi 2026
Habari njema imenifikia, kama ilivyostahili. Mwalimu Respicius, anayetufundisha C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa chuoni, ametangaza nafasi moja ya mkufunzi msaidizi. Wanaoiwania ni wawili: mimi na Yasinta. Tutapimwa Jumamosi, Miyuji, kwenye kituo cha wakulima wa zabibu. Mashine moja, mizani mbili, skrini moja. Kila mmoja ataandika faili la mizani yake. Faili la skrini ni letu sote. Mizani ijumlishe kilo za mkulima, kreti baada ya kreti. Kazi ndogo! Nimeanza kutunga hotuba ya kupokea wadhifa.

Jumanne, 10 Machi
Jaribio la maabara. Kreti ya kwanza ya mawe: kilo ishirini. Ya pili: ishirini. Ya tatu: ishirini! Nikalaumu umeme. Kisha mawe. Yasinta akachungulia, akasema kigeu cha jumla, yaani kisanduku cha kutunzia namba, nimekitangaza ndani ya funksheni, kipande cha programu kinachojumlisha. Kigeu hicho kinazaliwa kreti inapowekwa na kufa funksheni inapomaliza kazi. "Kaka Castory, kwa mizani yako kila kreti ndiyo ya kwanza duniani!" Darasa zima likacheka. Akashauri nitangulize neno moja tu, static, ili kigeu kitunze thamani yake. Nikamshukuru kwa heshima zote. Sikuliweka. Mtu wa hadhi yangu hapokei neno kutoka kwa mshindani.

Jumatano, 11 Machi
Suluhisho langu ni pana zaidi. Vigeu vyote nimevitoa nje ya funksheni na kuvipanga juu ya faili, ili programu nzima ivifikie. Jumla inakua! Yasinta aliguna, akasema nimetandika kitanda uani. Wivu.

Alhamisi, 12 Machi
Ugunduzi! Nimeiona kompyuta yake. Naye ameiita jumla yake "jumla", sawasawa na yangu, isipokuwa ametanguliza static. Urembo, nadhani. Basi katika faili la skrini nimeongeza mstari mdogo: kila kilo za mizani ya Yasinta zinapoonyeshwa, jumla, yaani yake, irudi sifuri. Kompyuta ilikubali bila kunung'unika. Nimeuchukulia ukimya huo kama baraka. Nikaijaribu mizani yangu peke yake. Salama kabisa.

Jumamosi, 14 Machi
Miyuji. Wakulima tele. Nilisimama, nikawaamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" wakaitikia kwa shangwe, nikawahutubia kuhusu sayansi na uaminifu. Mama Ruthu, mwenye kreti nyingi kuliko wote, alivutiwa akachagua mizani yangu. Ishirini na mbili. Arobaini na nne. Sitini na sita! Ndipo mkulima mmoja akaweka kreti kwa Yasinta. Kilo za Mama Ruthu: sifuri. Tukaanza upya. Kreti nyingine kwa Yasinta. Sifuri! Na jumla ya Yasinta ikipanda bila aibu.

Mama Ruthu akaniuliza, "Mwanangu, humo ndani kuna mtu anakula zabibu zangu?" Nikasema shikamoo mama, ni suala la kitaalamu. Akasema marahaba, lakini jua linazichoma na lori la kiwandani halimsubiri mtaalamu.

Mwalimu alifungua faili la skrini. Akaukuta mstari. Akaeleza, kwa utulivu ulioniumiza, kuwa static, ikiwekwa nje ya funksheni, hufanya kazi nyingine: imeifungia jumla ya Yasinta ndani ya faili lake, isionekane kutoka nje. Mstari ulipoitafuta jumla, ukaikuta moja tu iliyo wazi. Yangu. Akauliza nani ameuandika. Nikaitazama milima kwa makini. Yasinta akasema hakuna haja ya kuuliza, maana juu ya mstari pameandikwa "Umebuniwa na Castory." Desturi njema ya uandishi! Wakulima walicheka mpaka wakashika viuno. Mama Ruthu hakucheka. Alihamisha kreti zake, moja moja, kwenda kwa Yasinta. Nilimsaidia kubeba.

Jumatatu, 16 Machi
Yasinta ndiye mkufunzi msaidizi. Alipigiwa makofi, nami nilipiga, kwa ustaarabu. Mwalimu, kwa huruma, amenipa jaribio la mwisho: niandike funksheni moja ya kusoma uzito, ambayo faili lake yeye litaiita. Nikifaulu, nitabaki darasani. Akaniuliza nimejifunza nini. Nikajibu kwa ufasaha: thamani ya kufunga mlango. Aliguswa, nadhani.

Jioni nimetekeleza. Kila kitu nimekitangulizia static: vigeu vyote, na funksheni yenyewe pia. Sasa kompyuta inalalamika kwamba faili la Mwalimu linaiita funksheni yangu na haionekani popote. Ushindi! Ikiwa Mwalimu mwenyewe haioni, Yasinta ataionea wapi? Nitaiwasilisha kesho asubuhi, hivyo hivyo ilivyo.